Yule wa Nyanchwa na Nguruwe wa Baba

Mke wangu alifaulu mtihani wa nguruwe kabla hajamgusa nguruwe hata mmoja. Chuoni, alikosomea mifugo, siku ya mafunzo ya vitendo, wenzake waliingia bandani na mabuti yao, yeye akasimama nje ya ua akiandika yote aliyoyasikia. Alizaliwa na kulelewa Nyanchwa, katika nyumba ya Wasabato ambamo nguruwe hatajwi mezani, na akitajwa anatajwa kama jambo la watu wengine. Lakini mtihani ni mtihani. Aliwapita wote darasani, na mwalimu akamwuliza kwao wanafuga nguruwe wangapi. Alicheka tu.

Kisha akaolewa na mimi, Mkatoliki wa Kebirigo, na baba yangu anafuga nguruwe. Mungu naye ana utani wake.

Niseme kwanza habari za baba, kwa sababu bila hizo nguruwe ni nguruwe tu. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mpimaji wa majani katika kituo cha kununulia chai. Alipostaafu alirudi nyumbani, akaketi barazani, akaanza kuzeeka mbele ya macho yetu. Aliketi tangu chai ya asubuhi hadi chakula cha mchana akitazama barabara. Ukimwuliza neno, alikujibu wakati umeshaondoka. Ndevu zilimea ovyo. Mama alipiga simu mjini kila mara kuniambia mzee anaisha, nami nilikasirika, maana hasira ndiyo njia yangu ya kuogopa.

Siku moja, bila kushauriana na mtu, alinunua nguruwe jike. Nilipoambiwa nilidhani ni mzaha. Lakini banda alilijenga kwa mikono yake mwenyewe, akamwaga sakafu ya simiti yenye mteremko mzuri, akawa analiosha kila asubuhi. Akaanza kunyoa tena. Akaanza kubishana na mama juu ya mambo ya siasa, na mama akafurahi sana kubishiwa.

“Afadhali anuke nguruwe kuliko anuke kitanda,” mama aliniambia.

Shida ilikuwa watoto. Nguruwe yule alizaa vizuri, akanyonyesha vizuri, watoto wakanona hata ukiwashika wanakuteleza. Lakini wakishaachishwa kunyonya tu, mambo yanaharibika. Katika siku chache za mwanzo wanaharisha, migongo inachongoka, wanajibana kwenye kona wakitetemeka, halafu wanakufa mmoja baada ya mwingine. Uzao wa kwanza ulikwisha karibu wote. Wanaume wa sokoni Kebirigo, ambao kwa maoni yao hakuna wasilolijua, walimwambia baba kwamba watoto hawana nguvu, awape protini. Baba si mtu wa mkono mfupi. Alinunua dagaa wa omena na soya, akasaga, akachanganya na pumba ya mahindi kwa ukarimu mpaka bandani kukawa na harufu ya ufuoni. Uzao wa pili ukafa vibaya kuliko wa kwanza.

Nguruwe aliposhika mimba ya tatu, baba alimwambia mama, na mama akaniambia mimi: ni uzao huu mmoja tu. Hawa nao wakifa, anamwita mtu wa bucha amchukue mama yao na banda linafungwa. Nilijua maana yake. Kufunga banda kulikuwa kurudi kwenye kile kiti cha barazani, na safari hii nilihisi hatanyanyuka tena.

Nilimweleza mke wangu tukiwa mezani, katika nyumba tuliyopanga mjini Kisii. Yeye kazi yake ni katika kampuni ndogo ya kuchanganya chakula cha mifugo, hasa cha kuku na ng'ombe wa maziwa. Alinisikiliza huku anakula, kisha akaniuliza, “Anawapa nini wakishaacha maziwa?”

Nikamwambia. Akaliweka chini tonge la ugali.

“Hiyo ni nyingi mno.”

“Nyingi vipi?” nikabisha. “Si ni watoto wanaokua? Protini inawezaje kuwa nyingi?”

Akanikumbusha mwaka tuliokuwa tunajenga nyumba yetu ndogo kwenye boma la baba. Mabati yalifika mapema, misumari haikufika. Yale mabati yalikaa uani wiki baada ya wiki, kuku wakataga chini yake, mvua ikayapiga, mengine yakaingia kutu, na nyumba bado haina paa. “Sasa wewe ungefanyaje?” akaniuliza. “Ungeenda kuongeza mabati?”

Ndivyo alivyonifundisha asidi za amino. Protini, alisema, si kitu kimoja. Imejengwa kwa vipande vidogo vya namna nyingi, ndizo hizo asidi, na mwili wa nguruwe mdogo unavitaka vyote kwa uwiano wake, hiki zaidi, kile kidogo, kama fundi anavyotaka vifaa vyake. Kimoja kikipungua, kazi inasimama hapo hapo hata kama vingine vimejaa stoo. Na mahindi, ambayo ndiyo tunayoyategemea, yamepungukiwa sana na kipande kinachoitwa laisini. Hiyo ndiyo misumari. Baba aliona nyumba haiendi, akaongeza mabati.

“Na mabati yenyewe yanaozea tumboni,” akaendelea. “Tumbo la mtoto aliyeachishwa juzi linajua maziwa tu. Omena nyingi hivyo na soya haliziwezi. Zisizosagika zinateremka huko chini, vijidudu vinafanya karamu, mtoto anaharisha mpaka anaisha. Punguza protini. Halafu rudisha zile asidi zinazokosekana pekee, laisini kwanza, kisha methionini na threonini kidogo, mpaka zilingane. Atakula kidogo na atakua.”

Nilikuwa nimemwoa kwa miaka kadhaa, na nakiri sikuwahi kumwona na uso ule. Alikuwa kama mtu anayeeleza njia ya kwao. Hapo hapo nilimwonea fahari hata nikasahau kubisha, jambo ambalo si kawaida yangu.

Lakini atamwambiaje baba? Kwetu, kati ya baba mkwe na mkaza mwana kuna chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya. Hawashikani mikono. Baba haingii nyumbani kwetu hata mvua ikinyesha ya mawe. Na mambo ya tumbo, ya maziwa, ya kuzaa, ya choo, hayatajwi mbele yao wote wawili, awe ni mtu au ni mnyama. Tazama basi: habari yote ya nguruwe aliyeachishwa kunyonya ni maziwa, tumbo na choo. Hakukuwa na sentensi hata moja ambayo mke wangu angeweza kumwambia baba.

Njia ilikuwa moja, kupitia kwa mama. Watoto wa uzao wa tatu walipokaribia kuachishwa tulienda Kebirigo siku ya Jumapili, kwa kuwa Jumamosi kwa mke wangu ni ya kanisa. Alibeba kimfuko cha zile asidi, unga wa rangi ya mchanga alioupima na kuuchanganya mwenyewe kazini. Baba alitusalimu kwa mbali, kisha akachukua kofia akasema anaenda sokoni kutafuta mpini wa jembe. Hakuhitaji mpini. Alikuwa anampisha mkaza mwana wake azunguke bomani kwa raha, na huo ulikuwa ungwana wake.

Jikoni, huku wakimenya ndizi, mke wangu alimweleza mama yote, mabati na misumari. Mama hakusoma sana lakini ana akili kali, akashika mara moja.

“Kwa hiyo omena apunguze kabisa, soya iwe kidogo na ikaangwe kwanza, halafu atie huu unga.”

“Ndivyo, mama.”

“Nimesikia.”

Tukarudi mjini roho zetu nyeupe.

Wiki iliyofuata mama alipiga simu. Watoto wameachishwa na wameanza kuharisha. Mmoja amekufa. Baba ameshazungumza na mtu wa bucha, na atakuja na pikapu wiki ile nyingine kumchukua nguruwe mkubwa. Na mzee, mama alisema kwa sauti ya chini, leo hakunyoa.

Nilimgeukia mke wangu na hasira zangu zote. Nilimwambia elimu yake imeua nguruwe wa mzee. Alitaka kujua kitu kimoja tu, tunaondoka saa ngapi.

Tulipofika, baba hakuenda sokoni. Alikuwa ameketi kwenye kigoda nyuma ya ukuta wa banda, ametugeuzia mgongo, wala hakuangalia nyuma. Mke wangu alipita moja kwa moja hadi kwenye kibanda cha chakula. Pale palikuwa na gunia la omena, wazi, limetumika hadi nusu, na kimfuko chake cha unga pembeni, nacho kimetumika. Akamtazama mama. Mama akaanza kufuta mikono kwenye leso, na mikono haikuwa na maji.

“Mama, ulimwambia apunguze?”

Mama akasema, kama mtu anayelalamika kwamba ameulizwa jambo lililo wazi, “Ningemwambiaje? Nimwambie mzee mke wa mwanawe anasema apunguze chakula? Kwenye boma lake? Nilimwambia umemletea dawa ya kuongeza nguvu. Alifurahi sana. Akasema wewe una mkono mzuri.”

Niliwaelewa wote wawili, mama na mke wangu, na nilitaka kuwapigia kelele wote wawili. Ni kweli, kwetu mkaza mwana akisema chakula kipunguzwe, hilo neno halina njia nzuri ya kulitafsiri. Mama alikuwa amemlinda mke wangu. Alichuja ujumbe kwa upendo, akatoa lile neno baya, na lile neno baya ndilo lilikuwa dawa. Baba akatia unga wa laisini juu ya omena ile ile na soya ile ile.

Sasa nisimulie nilichokiona, maana ndicho kilichonifanya niandike.

Mke wangu alivua viatu vyake vya mjini, akavaa gambuti za mama, akafungua mlango wa banda la watoto, akaingia. Binti wa Nyanchwa, ambaye mpaka siku ile hakuwahi kumgusa mnyama yule, alipiga magoti kwenye simiti, akamshika mtoto aliyekuwa amelegea, akamwinua mkia, akamtazama. Akampapasa tumbo. Akamweka chini taratibu, akamchukua mwingine. Hakukunja uso.

Kisha akasimama na kumgeukia nguruwe mkubwa, aliyekuwa kwenye chumba cha pili akiguna kwa kutafuta watoto wake. Na akaanza kuzungumza naye. Kwa Ekegusii, lugha yetu, kwa adabu zote, kwa sauti ya kusikika vizuri upande wa pili wa ukuta.

“Mama, nimekuja kukusalimu. Pole kwa mtoto wako. Sasa nisikilize, kwa kuwa wewe ndiye mwenye watoto na mimi ni mgeni. Watoto wako wanapendwa katika boma hili. Wanapendwa hata wanapewa chakula cha wakubwa. Hawakiwezi, mama. Tumbo lao bado ni la maziwa yako.”

Mama yangu alijifunika uso kwa leso. Maneno ya tumbo na ya maziwa, baba mkwe ameketi pale, hatua chache! Lakini hakuna aliyeweza kusema mkaza mwana amekosa adabu. Alikuwa anazungumza na nguruwe.

“Wale omena waondolewe kabisa leo,” akaendelea. “Soya ikaangwe, iwe kidogo. Huu unga niliouleta ndio ushike nafasi yao, si kuongezwa juu yao. Wakila kidogo kilicholingana, watapona wengi. Wakila kingi kisicholingana, wewe mwenyewe umeona.”

Nguruwe akaguna. Nilikaribia kuondoka kwa aibu. Kisha, nyuma ya ukuta, baba akakohoa.

“Wewe nguruwe,” sauti yake ikasema, “uliza. Na kama watalala njaa?”

Mke wangu hata hakutazama upande wa ukuta. “Mama, hawatalala njaa. Mahindi na pumba wapewe, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Maji safi yasikosekane.”

“Wewe nguruwe,” akasema baba. “Waulize, mbona huo unga ni mchache hivyo? Unatosha kweli watoto wote hawa?”

“Unatosha, mama. Hata chumvi ya mboga huwa kidogo, na ikizidi mboga hailiki.”

Wakaendelea hivyo, baba na mke wangu, na nguruwe katikati. Baba aliuliza maswali ya mtu aliyekaa kwenye mizani miaka mingi: kipimo gani, kwa debe au kwa kikombe, kisawazishwe juu au kirundikwe. Mke wangu akamjibu nguruwe kila swali. Mimi nilianza kucheka nikashindwa kujizuia, nikaenda kuegemea mgomba, nikagundua kwamba machozi yananitoka na si ya kicheko yote. Nilikuwa sijamsikia baba akiuliza maswali mengi namna ile tangu alipostaafu. Na nilimpenda yule mwanamke mle bandani, gambuti zikimpwaya na samadi kwenye goti la sketi, nilimpenda kuliko siku ya harusi.

Omena waliobaki waliliwa na kuku wa jirani. Baba alifuata kipimo kwa ukali wa kituo cha chai, kikombe kikisawazishwa kwa kijiti. Mtoto mwingine mmoja alikufa, yule aliyekuwa amelegea sana. Wengine kinyesi kikaanza kushikana, na mama akanipa habari hiyo kwa simu kwa furaha ambayo singependa jirani zangu wa mjini waisikie. Migongo ikaanza kujaa. Jambo jingine, ambalo mke wangu aliligundua mwenyewe na halijamtoka moyoni: maswali ya baba yalikuwa yanafika kupitia kwa mama siku zote za wiki, lakini toka Ijumaa jua likizama hadi Jumamosi jioni hayakuja. Mzee Mkatoliki alikuwa ameamua kwamba nguruwe wake watashika Sabato.

Ikabaki ile ahadi ya bucha. Baba hakuwa na namba ya yule mtu, mwenye bucha ndiye aliyekuwa akipiga, kila mara kwa namba ngeni, na nadhani mzee pia aliona haya kuvunja neno lake. Basi Jumapili ya ile wiki aliyoahidi, tukiwa Kebirigo, pikapu ikaingia. Mwenye bucha alikuwa mgeni, si Mkisii, amefungua biashara upande wa Marani, na kwa hiyo mazungumzo yalikuwa ya Kiswahili na kila mtu bomani aliyasikia na kuyaelewa. Alikuja na kamba begani.

“Mzee, si ni hii nguruwe tuliongea?”

Baba alikuwa amesimama kwenye mlango wa banda, amenyoa, ameshika kile kikombe chake cha kupimia. Alimtazama nguruwe. Akawatazama watoto waliokuwa wakisukumana kwenye hori. Nilijua anavyoheshimu neno lake.

“Ni hii,” akasema.

“Basi tufunge?”

“Lakini sio yangu.”

Yule mtu akashangaa. “Sio yako? Mzee, si tuliongea na wewe?”

“Tuliongea. Wakati huo ilikuwa yangu. Sasa iko na mwenyewe.”

“Mwenyewe nani?”

Baba hakunyoosha kidole, maana si adabu. Aliinua kidevu kidogo tu kuelekea uani, ambako mke wangu alikuwa anaanika nguo. “Uliza yule.”

Kwetu mzee akimpa mkaza mwana mnyama, amempa nafasi bomani, na hapokonywi. Kwa kawaida ni ng'ombe. Mama aliacha alichokuwa akifanya. Mke wangu alisimama na shuka lililolowa mikononi, maji yakimtiririkia miguuni, na nikaona uso wake umebadilika, kwa sababu alielewa kabla yangu. Kwao Nyanchwa wangesikia binti yao ana nguruwe. Ningeelewa kabisa kama angeingia ndani na kujifungia.

Yule mtu akapaza sauti, “Mama, nimeambiwa hii nguruwe ni yako! Unauza?”

Katika boma lile mke wangu hakuwahi kusema kwa sauti ya kumfikia baba bila kupitia kwa mtu, au kwa nguruwe. Alimtazama mwenye bucha, kisha kwa mara ya kwanza akamtazama baba mkwe wake usoni.

“Haiuzwi,” akasema.